Vidonge vya homoni baada ya kansa ya titi vinanitesa, nikiacha itakuwaje?

Shikamoo Anti,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Tanga, nina miaka 38, nimeolewa na nina mtoto mmoja wa kike. Niligundulika na kansa ya titi la kushoto, nikakatwa titi, nikapigwa dripu za kemo, nikaenda kumalizia mionzi Dar. Namshukuru Mungu nilimaliza salama, nywele zikarudi, nikarudi kazini, watu wakaja kunipongeza kwamba nimepona. Dokta akaniandikia vidonge vya tamoksifeni miligramu 20, kimoja kila siku kwa miaka 5, akasema vipimo vya kile kinyama vilionyesha kansa yangu ni ile inayokula homoni.

Anti, kemo niliivumilia lakini hivi vidonge vimenishinda. Nipo darasani naandika ubaoni ghafla joto linanipanda kutoka kifuani mpaka kichwani, jasho linatiririka, uso unawaka, watoto wananiangalia, na Tanga yenyewe unaijua joto lake. Usiku ndo balaa, naamka shuka limelowa, nabadilisha khanga nalala, nikishika usingizi tu linarudi tena. Asubuhi nakuwa mchovu mpaka nalia bila sababu, nampigia kelele mwanangu kwa vitu vidogo alafu najisikia vibaya siku nzima.

Lingine naona aibu kuandika ila wewe ni mama. Huko chini nimekauka kabisa, tendo la ndoa linauma kama nachanwa, hivo nimekuwa namkwepa mume wangu, najifanya nimelala. Yeye alinivumilia sana kipindi cha ugonjwa, sasa ananiuliza kama simpendi tena au nina mtu mwingine. Na siku zangu zimekuwa hazieleweki, miezi inapita sioni kitu.

Nilipoenda kliniki nikajaribu kumwambia dokta akanijibu ni kawaida hiyo, vumilia, foleni ilikuwa ndefu nikatoka. Wifi yangu ananiambia homoni zangu hazijabalansi, kuna mtu anauza mtandaoni dawa ya asili ya kubalansi homoni na kurudisha unyevu, ananisisitiza ninunue. Na kuna mama tulikutana kwenye mionzi, yeye kapewa kidonge kingine cha kuzuia homoni, anastrozoli, anasema haimpi joto kama langu ila viungo vinamuuma, akasema kama nataka anipunguzie chake nijaribu. Mama mkwe nae anauliza mjukuu wa pili lini.

Vidonge nilivyonavyo vinaisha wiki ijayo. Kusema kweli nafikiria nisiende kuchukua vingine, maana titi lilishatolewa na kemo nimepata, sasa hivi vidonge vya nini tena? Nikiacha kuna ubaya gani? Na tendo la ndoa nifanyeje Anti, ndoa yangu inaniponyoka.

Mwalimu, Tanga

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Kabla ya yote nenda kachukue vidonge vyako. Ukishavichukua kaa tuongee, maana nina mengi ya kukwambia na sitaki uyasome huku dozi imeshakatika.

Mimi ni muuguzi mstaafu, si dokta wako, sijaona faili lako, kwahiyo nitakayosema ni ya kukusaidia uingie kwenye kile chumba cha dokta ukiwa unajua unataka nini. Na nianze na hilo neno vumilia. Limeniuma. Wanawake wetu wanalelewa kuvumilia tangu wadogo, alafu mtu aliyepita kwenye kisu na kemo na mionzi anakuja kusema hapati usingizi na ndoa inamuuma, anaambiwa ni kawaida. Ni kweli hayo yanawapata wengi wanaotumia dawa hii, lakini kitu kuwapata wengi haina maana hakitibiki! Malaria nayo inawapata wengi. Karibu kila ulichoniandikia kina cha kufanya.

Sasa umeuliza hivi vidonge ni vya nini wakati titi lilishatolewa. Kansa ya aina yako ina vipokezi vya homoni, yaani chembe zake zinapata nguvu ya kukua kutoka kwa estrojeni, homoni ya kike ambayo mwili wako wenyewe unaitengeneza. Upasuaji unatoa uvimbe, kemo na mionzi vinasafisha, lakini kuna chembe ndogo ambazo hakuna picha wala kipimo kinaweza kuziona, zinaweza kuwa zimejificha mifupani au kwenye mapafu au ini, zikakaa kimya miaka. Tamoksifeni inaenda kukaa kwenye vile vipokezi, estrojeni ikifika inakuta ni kama siti ya daladala ishakaliwa, haina pa kukaa. Ndo maana ni kila siku na ndo maana ni miaka.

Na dawa hii si ngeni, inatumika tangu miaka ya 1970, ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2011 ulitoka uchambuzi mkubwa uliokusanya majaribio mengi ya wanawake wenye kansa kama yako, ukaonyesha waliomeza kwa miaka 5 hatari ya kansa kurudi ilipungua karibu nusu katika ile miaka waliyokuwa wanameza, na ikaendelea kupungua kama theluthi kwa miaka mingine 5 hata baada ya kumaliza dawa, na vifo vya kansa hiyo vikapungua kama theluthi kwa miaka 15. Huo ndo ubaya wa kuacha mwanangu. Ukiacha leo hutaona kitu kesho, pengine utajisikia vizuri sana, joto litaondoka, utasema bora nimeacha. Hasara yake haina dalili mpaka siku inapokuja. Sikwambii ili nikutishe, nakwambia kwasababu uamuzi ni wako na unastahili kuufanya ukijua unachokiacha.

Haya tuje kwenye joto. Kwa wengi linakuwa kali miezi ya mwanzo alafu linapungua taratibu, ila wewe usikae ukisubiri. Chukua daftari, wewe ni mwalimu unayo mengi, andika kila linapokupanda, saa ngapi, ulikuwa umekula au kunywa nini, na usiku umeamka mara ngapi. Fanya hivo wiki mbili. Utashangaa utaona chanzo, wengine ni chai ya moto, wengine pilipili, wengine kahawa, wengine hasira. Ukikijua unakipunguza. Na daftari hilo hilo ndo utaliweka mezani kwa dokta, maana mtu akisema napata joto sana anajibiwa kawaida, lakini akiweka karatasi inayoonyesha hajalala usiku mzima tangu mwezi uanze hapo mazungumzo yanabadilika.

Nyumbani lala na khanga ya pamba sio hizi nguo za nailoni, feni ielekee kitandani, weka maji ya baridi na kitambaa pembeni, kabla ya kulala oga maji ya kawaida. Darasani vaa nguo za pamba moja juu ya nyingine uweze kuvua ya juu, ukihisi linaanza pumua taratibu kwa tumbo, ingiza polepole na kutoa polepole zaidi, usipambane nalo, mara nyingi linapita ndani ya dakika chache. Na watoto waambie tu kwamba mwalimu anatumia dawa inayomletea joto, watoto wakijua sababu hawakukodolei macho tena.

Unaweza pia kubadilisha muda wa kumeza. Kama unameza usiku jaribu asubuhi, au kinyume chake, kuna wanaopata nafuu kwa hilo tu na dawa haipungui nguvu maana inakaa mwilini muda mrefu. Kwasababu hiyo hiyo, ukisahau siku moja meza ukikumbuka siku hiyo hiyo, kama kesho yake ishafika endelea na cha kesho, usimeze viwili. Na kama unafunga Ramadhani, kidonge kinaingia vizuri tu kwenye futari au daku, funga sio sababu ya kuruka.

Kama hayo hayatoshi, zipo dawa za kupunguza joto ambazo hazina homoni ndani yake, na hapa ndo nataka umuulize dokta kwa majina. Kuna venlafaksini, hii asili yake ni dawa ya sonona lakini kwa dozi ndogo inapunguza joto na inasaidia na hiyo kulia kulia yako. Kuna gabapentini, hii inaleta usingizi kwahiyo inawafaa wanaoteseka usiku, inamezwa wakati wa kulala. Kuna oksibutinini, inajulikana kwa matatizo ya kibofu, nayo imejaribiwa kwa wanawake waliopona kansa ya titi ikasaidia, ubaya wake inakausha mdomo. Ipi inakufaa ni juu yake dokta kulingana na presha yako na mengine. Ila kuna jambo moja ulishike sana. Sio kila dawa ya sonona inakaa vizuri na tamoksifeni. Paroksetini na fluoksetini zinazuia ini lisiibadilishe tamoksifeni kuwa ile dawa yenye nguvu inayofanya kazi, kwahiyo unameza kila siku lakini inayofanya kazi mwilini ni kidogo. Rifampisini ya kifua kikuu nayo inaishusha sana. Kwahiyo popote utakapoenda, hata zahanati ya mtaani kwa kikohozi, sentensi ya kwanza iwe natumia tamoksifeni.

Kuhusu mudi, kukosa usingizi peke yake kunatosha kumfanya mtu awe mkali kwa mwanae, kwahiyo joto la usiku likitulia utaona na hasira zinatulia. Lakini kama huzuni inakaa tu, hufurahii chochote, au unapata mawazo kwamba bora usiwepo, hilo usilisubirishe mpaka tarehe ya kliniki, nenda hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo.

Sasa huko chini. Mwanangu hukufanya vibaya kuandika, na nakuomba utoe aibu kabisa kwasababu hili ndo jambo linalowafanya wengi waache dawa kimya kimya, na hakuna anayewauliza. Kukauka kunatokana na estrojeni kupungua nguvu sehemu hizo, na mwili wako ulishapigwa na kemo pia ambayo inaweza kuchosha vifuko vya mayai. Haina uhusiano na mapenzi yako kwa mumeo. Kuna vitu viwili tofauti vya kutumia na watu wanavichanganya. Cha kwanza ni krimu au jeli ya kulainisha uke isiyo na homoni, hii unatumia mara kwa mara, kila baada ya siku mbili tatu, uwe na tendo au usiwe nalo, inarudisha unyevu wa ngozi ya ndani taratibu kwahiyo ipe wiki kadhaa. Cha pili ni jeli ya maji ya wakati wa tendo, famasi nyingi wanayo, wengi mnaijua kwa jina la KY, weka ya kutosha kwako na kwake, usiibanie. Vaselini na losheni za mwili acha. Mafuta ya nazi najua huko pwani ndo ya kwanza kukimbiliwa, lakini yanaharibu kondomu ikapasuka, na kwako hilo ni jambo kubwa nitakwambia mbele. Sabuni za harufu, ndimu, kujifukiza, kujiosha ndani na vidole, yote hayo achana nayo yanazidi kukausha.

Anzeni polepole mwanangu, sio lazima kila siku mfike mwisho. Kukumbatiana, kushikana, kupeana muda, alafu mkiona uko tayari mnaendelea, na ukisikia maumivu sema, msimame. Mwili ukizoea kwamba tendo ni maumivu unajikaza wenyewe hata kabla hajakugusa, kwahiyo kulazimisha kunaharibu zaidi. Zikishindikana jeli zote, zipo krimu za estrojeni dozi ndogo za ukeni, lakini kwa historia yako hiyo ni dokta wa kansa peke yake anayeweza kuamua baada ya kupima faida na hatari, usiinunue famasi mwenyewe wala usipokee ya mtu.

Mume wako mwambie ukweli wote, leo ikiwezekana. Mwanaume aliyekaa na wewe kipindi cha kemo sio wa kuogopa kumwambia nimekauka kwasababu ya dawa. Saivi hajui, na asiyejua anajaza mwenyewe, ndo maana kafika kwenye una mtu mwingine. Mwoneshe hata haya niliyoandika, na kliniki ijayo nenda nae aingie ndani akae asikie.

Wifi yako ana nia njema sina shaka, lakini hiyo dawa ya kubalansi homoni hapana. Hapana kabisa. Muuzaji hajui kansa yako ilikuwa inakula nini, na nyingi ya hizo dawa za kurudisha unyevu hazina maelezo ya kilichomo ndani. Kama ina kitu kinachofanya kazi kama estrojeni unailisha ile ile unayoizuia kwa kidonge. Homoni zako hazijaharibika, zimezuiwa makusudi kwa dawa. Ila chakula cha kawaida, maharage ya soya kwenye mboga au uji wa lishe, hakina tatizo, nasema kwasababu najua kuna watu wanawatisha wenzao waache mpaka uji.

Na kidonge cha yule mama usikiguse. Anastrozoli inafanya kazi kwa wanawake ambao vifuko vyao vya mayai vimeshaacha kutengeneza estrojeni. Wewe una miaka 38, siku zako kupotea haimaanishi vifuko hivyo vimekufa, na ukimeza anastrozoli peke yake inaweza hata kuviamsha vifanye kazi zaidi. Wanawake wa umri wako wakipewa aina hiyo wanapewa pamoja na sindano ya kuzima vifuko vya mayai, au vifuko vyenyewe vinatolewa. Dokta anaweza kulifikiria hilo kwako, lakini ni mpango mwingine kabisa, sio kupunguziana. Yeye mwambie kwa salamu zangu kwamba maumivu ya viungo na dawa zile ni jambo linalojulikana, na mazoezi yanasaidia kweli, utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2015 ulionyesha waliotembea haraka dakika 150 kwa wiki na kufanya mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki maumivu yalipungua. Aulize pia kuhusu kupima mifupa, maana dawa yake inaipunguza uimara.

Kuna dalili chache ambazo zenyewe sio za kuandika kwenye daftari, ni za kwenda hospitali hapo hapo. Mguu mmoja kuvimba au kigimbi kuuma na kuwa cha moto, kifua kubana au pumzi kukata ghafla, kwasababu tamoksifeni inaongeza kidogo hatari ya damu kuganda. Inawapata wachache, lakini ndo ya haraka. Ukisafiri na basi kwenda Dar kila likisimama shuka utembee, kunywa maji. Ukitakiwa kufanyiwa operesheni yoyote waambie mapema. Damu ukeni isiyo ya kawaida nayo isemwe haraka, na macho yakianza kuona ukungu.

Sasa mjukuu wa mama mkwe. Kutokuona siku zako sio kinga, unaweza kushika mimba hujaona damu miezi kadhaa, na tamoksifeni inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwahiyo kinga ni lazima, na isiwe sindano, kijiti wala vidonge vya uzazi maana hivyo ni homoni. Kitanzi cha shaba au kondomu. Kama wewe mwenyewe, sio mama mkwe, unatamani mtoto mwingine, mlango haujafungwa. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa wanawake vijana waliosimamisha dawa kwa mpango baada ya kuimeza mwaka mmoja na nusu hadi miwili na nusu, wakatafuta mtoto, alafu wakarudi kwenye dawa, na kwa muda waliofuatiliwa kansa haikuonekana kurudi zaidi kuliko kwa wengine. Lakini walisimamiwa, walisubiri dawa itoke mwilini kwanza, na walichaguliwa. Liseme kliniki mapema wapange na wewe.

Ukiingia kwa dokta anza na mambo mawili tu, usingizi na tendo la ndoa, kwa maneno hayo hayo bila kuzunguka, alafu weka daftari mezani. Mwambie pia kwamba umefikiria kuacha, hilo watu wanalificha na ndo linalomfanya dokta akae vizuri akusikilize. Ukijibiwa vumilia kwa mara ya pili, uliza kwa adabu nani mwingine hapo unaweza kuonana nae, muuguzi wa kliniki ya kansa au mfamasia, wanajua mengi na mara nyingi wana muda zaidi. Niandikie ukitoka huko, nataka kujua wamekupa nini na umelalaje.

Anti